Tupeane uzoefu: siku Ukristo wako ulipokugusa mfukoni, kazini au nyumbani

Mleta mada (Mbeya)
Bwana asifiwe wapendwa, na Tumsifu Yesu Kristo kwa Wakatoliki.

Nianze na mimi. Nauza mchele na maharage sokoni, mwaka wa 9 sasa. Meza niliachiwa na shangazi pamoja na vyombo vyake vyote, kikiwemo kisado cha bati ambacho kitako kimegongwa kikaingia ndani, kwa nje huoni kitu ila ukitumbukiza mkono unakuta kimevimba kama mgongo wa bakuli. Pale sokoni kila mtu anajua hiyo kitu, na wateja wengi wanajua pia, wanaomba nyongeza tu, unawatupia kiganja kimoja wanashukuru. Na tukienda kwa mkulima huko tunamchukulia lumbesa, gunia limevalishwa kilemba, wakati sheria ya vipimo inakataza kabisa. Yaani mkulima tunamnyonya na mlaji tunamnyonya. Juu ya hiyo meza nilikuwa nimebandika karatasi ya Zaburi ya 23, na Jumapili nipo kwaya, Moravian, naimba sauti ya pili.

Sasa kuna mama mmoja mtu mzima, mteja wangu wa kila wiki, siku hiyo alipofika kwake akaupima mchele kwa kisado chake. Akarudi. Hakugomba wala hakupaza sauti, akaniambia tu "mwanangu, mimi nanunuaga kwako kwa ajili ya hiyo karatasi" akaondoka zake. Usiku sikulala. Mithali 11:1 naijua kwa kichwa toka shule ya Jumapili, "mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA", nimeshaisoma hata mbele ya watu kanisani, na siku zote hizo kisado kiko mkononi mwangu.

Asubuhi nikaenda kwa fundi bati akanigongea kitako kikakaa sawa, kazi ya dakika chache tu jamani, miaka yote ile! Ila bei ikabidi nipandishe 200 kwa kisado ili nisile mtaji, wateja wengine wakahama, na jirani yangu wa meza akaninunia kabisa kwa sababu watu walianza kulinganisha. Yule mama nilimtafuta mpaka kwake nikampelekea kisado kizima cha Kyela. Zakayo alisema atarudisha mara 4, mimi mara 4 sikuiweza. Alipokea, akanifungia na ndizi nirudi nazo.

Nataka kusikia za kwenu. Mahubiri tunayapata Jumapili, hapa leta kitu ulichofanya au ulichofanyiwa.

Mchangiaji wa Bukoba
Amen dada. Kwetu hii ni historia ya ukoo. Ule uamsho wa walokole ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulivyofika huku Kagera watu walikuwa wakiokoka wanaungama mbele za watu na kurudisha walichoiba. Baba yake bibi alikuwa na jembe la jirani. Bibi anasema angeweza kuliegesha mlangoni usiku yakaisha, lakini alilibeba begani mchana, siku ya gulio, akapita nalo katikati ya watu wanaomjua na kila aliyemuuliza unaenda wapi alimwambia ukweli. Kwetu ukitaka kudanganya utaambiwa kumbuka jembe.

Mimi niko kitengo cha manunuzi, mzabuni alikuja na bahasha nikamrudishia palepale, baada ya miezi 2 nikahamishiwa stoo. Hadi leo niko stoo. Sijapandishwa cheo na sina ushuhuda wa mwisho mtamu, ila nalala usingizi.

Mama wa Kimara
Yangu inaniuma kuandika. Jumuiya ilikuwa inasali kwangu Jumamosi, tumesoma Mathayo 25, "nalikuwa na njaa, mkanipa chakula", tumetafakari vizuri tu, mimi nimeongea kuliko wote. Baadae mzee mmoja wa jumuiya akaenda kunawa mikono huko nyuma akamkuta dada wa kazi amesimama kwenye sinki anakula ukoko, akarudi akaniuliza taratibu "huyu binti anasali wapi?" Sikujua. Miaka 2 nakaa naye, sijui anasali wapi, sijui hata jina la baba yake. Wageni walivyoondoka nikamwita akae, tukala wote mezani, alikuwa anakula ameinamisha kichwa hajui aweke wapi mikono. Sasa hivi anawahi misa ya kwanza, mshahara haupiti tarehe 4, jioni anajifunza kushona. Namuomba Mungu anisamehe ile miaka 2.

Mdau wa Tanga
Asalaam aleykum, mimi ni Muislamu naomba niingie kidogo. Bosi wangu wa gereji ni Mlutheri. Mwezi wa Ramadhani anatupangia kazi nzito asubuhi, jioni anafunga mapema tuwahi futari, na mshahara haukatwi. Mama yangu alipofariki alifunga gereji siku nzima akaja mpaka makaburini, akavua saa akachukua koleo akafukia na sisi. Kunihubiria hajawahi hata siku moja. Ila kijiweni mtu akianza kuwasema vibaya Wakristo, mimi ndio wa kwanza kumkatisha.

Mchangiaji wa Bukoba
Huyo bosi Mungu amtunze. Mleta mada, kile kisado bado unacho?

Mleta mada (Mbeya)
Ninacho, ndio napimia hichohicho, alama za nyundo zinaonekana kwa ndani. Wiki iliyopita yule jirani aliyeninunia kaja kuniomba namba ya fundi bati. Nimempa, sijamuuliza ya nini.