Mgonjwa akianza fujo wodini: tumfunge au tufundishwe kumtuliza?

Wakuu, kuna hoja naisikia sana siku hizi, kwamba kuwafundisha manesi kumtuliza mgonjwa mwenye fujo ni kupoteza hela, dawa yake ni walinzi na sindano basi. Mi napinga, na napinga kama mtu aliyekula kofi la mgonjwa.

Zamu ya usiku, wodi ya wanaume, mbaba mmoja kang'oa dripu, anatukana kila mtu, anataka kutoka nje. Tukaita mlinzi, kaja na rungu lake, tukawa watu watano wote tunampigia kelele tulia tulia, tukamfunga na khanga kitandani. Kofi nililipata hapo kwenye kumfunga, sio kabla. Baadaye ndo daktari anauliza, sukari mmepima? Hatukuwa tumepima, na ilikuwa imeshuka vibaya mno. Tukamwekea dextrose, yaani dripu ya maji ya sukari, haukupita muda anauliza mke wangu yuko wapi, na khanga bado iko mkononi.

Watu wanadhani mafunzo haya ni kubembelezana. Hapana jamani, mmoja tu ndo anaongea wengine wanarudi nyuma, humzibii mlango, unamwita kwa jina lake, sauti chini, unampa kitu cha kuchagua, tukae hapa au pale kwenye benchi, na muda wote huo kichwani unawaza nini kinamletea fujo: sukari iliyoshuka, malaria iliyopanda kichwani, pombe aliyoacha juzi, au kaanguka kagonga kichwa.

Uingereza wameshatunga sheria tangu 2018, hospitali za akili lazima zifundishe wafanyakazi, na ilitokana na kijana Olaseni Lewis, miaka 23, aliyefariki 2010 baada ya polisi kumkandamiza ndani ya hospitali alikoenda kutafuta msaada. Alienda kutafuta msaada!

Anayesema nesi mmoja usiku na wagonjwa arobaini hana nusu saa ya kukaa na mtu mmoja, namkubalia, semina haizibi pengo hilo. Na mwenye kisu huendi kuongea naye peke yako. Ila kwanini mafunzo yakija wanaitwa madaktari na ma-in-chaji (wakuu wa wodi) tu, wakati wa kwanza kumgusa mgonjwa ni mlinzi wa getini na mhudumu wa wodi? Mi ningeanza na hao. Huko mliko, mlinzi amewahi kufundishwa chochote zaidi ya kushika rungu?