Naomba ushauri: nyumba ya kale kijijini, kazi mjini

Habari zenu wakuu. Mimi na mwenzangu tumeipenda nyumba moja ya kale kijijini, mwendo wa kama saa moja hadi kazini. Kuta zake ni nene, za mawe na chokaa, na milango ya mbao bado ni ile ile ya mwanzo. Kusema kweli imenikaa moyoni.

Kinachoninyima usingizi ni unyevu. Ukuta wa nyuma umepigwa plasta ya saruji upande wa chini, na rangi inabanduka. Ninavyojua, ukuta wa chokaa hutaka kupumua, saruji huyafungia maji ndani. Je, kuibandua na kurudishia chokaa kunatosha, au maji yanapanda kutoka kwenye msingi? Nimtafute mhandisi aliyezoea majengo ya zamani kabla ya kulipa chochote, au fundi mzuri anatosha?

Tena nyumba imo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, hata kubadilisha dirisha ni mpaka kibali. Mliopitia haya, mlisubiri muda gani?

Safari tumeijaribu Jumapili tu, barabara ikiwa nyeupe. Tutairudia Jumatatu alfajiri. Muuzaji anataka jibu mwisho wa mwezi.