Gumzo la familia: Vipengele vya "si lazima" katika fomu ya Mama

Mama: Wanangu, nimeijaza ile fomu ya maelekezo ya awali ya matibabu, inayoeleza nitibiwe vipi nikishindwa kujisemea, hadi sehemu ya kumteua mwakilishi wa kuniamulia, na nimemwandika Zuhura. Kilichonikwamisha ni kurasa mbili za mwisho, ambako kila kipengele kimewekewa maneno "si lazima". Je, nikiviruka vyote, fomu itakuwa na kasoro?

Rehema: Shikamoo Mama. Fomu haitakuwa na kasoro, kwa sababu kinachoipa nguvu ni jina la mwakilishi, sahihi yako na mashahidi, ingawa masharti ya mashahidi hutofautiana kati ya nchi na nchi. Hata hivyo, mimi ninayeshinda wodini na jamaa za wagonjwa nakusihi usiviruke. Maswali tunayowauliza usiku wa manane hutoka humo humo kwenye "si lazima": alishwe kwa mpira au asilishwe, asafishwe damu kwa mashine au asisafishwe, moyo ukisimama ushtuliwe au uachwe.

Mama: Marahaba mwanangu. Nimekuelewa.

Mjomba Hamisi: Dada, mimi naona kuandika mengi ni kumfunga Zuhura mikono. Mtu huandika akiwa mzima kwamba hataki mashine ya kupumulia, kisha akapata nimonia ambayo angepona kwa siku chache tu za mashine hiyo, na daktari akiisoma karatasi anarudi nyuma.

Rehema: Hofu yako ina msingi, Mjomba, na ndiyo maana haifai kuandika jina la mashine peke yake. Iandikwe hali. Mama anaweza kusema kwamba hataki mashine iwapo madaktari wawili wamethibitisha kuwa hatarudiwa na fahamu, na kwamba katika hali nyingine yoyote ijaribiwe kwa muda anaoutaja mwenyewe, tuseme siku kumi, kisha uamuzi utazamwe upya. Kipengele hicho cha muda wa majaribio watu wengi hawakijui, na kwa maoni yangu ndicho kingezipunguzia familia mateso kuliko vingine vyote.

Yusufu: Shikamooni nyote. Mimi nimekisoma zaidi kipengele cha chakula na maji kwa njia ya mpira, ambacho fomu nyingi hukitenga na matibabu mengine, nikaona sababu yake. Huko Marekani, Nancy Cruzan alipata ajali ya gari mwaka 1983, akabaki bila fahamu akilishwa kwa mpira. Wazazi wake waliomba uondolewe, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, ambayo mwaka 1990 iliamua kwamba jimbo la Missouri linaweza kudai ushahidi ulio wazi na wa kusadikisha kuwa hayo ndiyo aliyoyataka mwenyewe. Yeye hakuwa ameacha maandishi. Ilibidi watu waliowahi kufanya naye kazi wajitokeze kueleza maneno aliyowaambia zamani, ndipo mahakama ya chini ikaruhusu, naye akafariki Desemba mwaka huohuo.

Zuhura: Mama, naomba niseme jambo ambalo sijawahi kulisema hapa. Baba alipowekewa mpira, ulipita puani ukabandikwa plasta shavuni, naye alikuwa akiupapasa kwa vidole viwili usiku kucha. Muuguzi akamvisha glavu nene za kitambaa ili asiung'oe. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikiyashika mikononi mwangu yale mafundo ya kitambaa, na hadi leo sijui kama alikuwa akituomba tuutoe au ulikuwa ukimwasha tu. Aliniteua kwa mdomo, lakini kuhusu mpira hakuwahi kuniambia neno lolote.

Mama: Niliziona glavu hizo, mwanangu. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyebaki na swali hilo.

Mjomba Hamisi: Pole sana, Zuhura. Lakini Dada, ukikataa mpira, je, hawatakunyima chakula kabisa?

Rehema: Hapana, Mjomba. Chakula kinachotiwa kwa mpira huhesabiwa kuwa tiba, lakini kijiko kinachopelekwa mdomoni ni huduma ya msingi. Kule Uingereza, kwa mfano, mtu hawezi kukataa mapema huduma ya msingi kama vile kusafishwa, kupewa joto, na kupewa chakula na maji kwa mdomo. Sheria yao ya mwaka 2005 inamtaka pia anayekataa tiba ya kuokoa uhai aandike wazi kwamba uamuzi wake utabaki vilevile hata kama maisha yake yamo hatarini. Mama, hata kama huku sheria haikulazimishi, iandike sentensi hiyo, kwa maana humwondolea daktari shaka.

Mama: Nitaiandika. Kuhusu maumivu sina mjadala: nipewe dawa za kuyatuliza hata zikinisinzisha mchana kutwa. Viungo vyangu vikifaa, wapewe wenye kuvihitaji.

Rehema: Basi ongeza mstari mmoja, Mama. Anayetoa viungo huenda akahitaji kubaki kwenye mashine kwa muda mfupi ili viungo visiharibike, na fomu yako kwingine inaikataa mashine. Usipoeleza kipi kitangulie, vipengele hivyo viwili vitagongana mbele ya daktari.

Zuhura: Kimebaki kile kinachouliza kama mwakilishi anaweza kwenda kinyume na maandishi hali ikibadilika. Mimi naogopa majibu yote mawili. Ukinifunga, nitatii hata pale ambapo moyo unaniambia ungebadili mawazo. Ukiniachia, ndugu zangu wanaweza kusema niliamua kwa kuchoka.

Yusufu: Dada, mimi sitasema hivyo, na naliandika hapa mbele ya wote ili libaki.

Mama: Nimelifikiria tangu asubuhi. Kuhusu mashine, kusafishwa damu na mahali pa kuuguzwa, Zuhura awe huru kuamua baada ya kuzungumza na madaktari, na maandishi yangu yawe mwongozo tu. Kuhusu mpira wa kulishia, nikiwa sina tumaini la kurudiwa na fahamu, asiwe na uhuru wowote. Hilo nalibeba mimi, asije akakaa tena kitandani kwa mtu akijiuliza vidole vinasema nini.

Mjomba Hamisi: Sijaridhika na yote, Dada, lakini hayo nimeyasikia kutoka kwako, na sitampinga Zuhura.

Rehema: Zuhura asiwe shahidi, kwa sababu sheria nyingi humkataza mwakilishi kushuhudia uteuzi wake mwenyewe. Nakala moja iende kwa daktari wa Mama na nyingine abaki nayo Zuhura, isifungiwe kabatini.

Mama: Zuhura, njoo kesho unisomee yote kwa sauti kabla sijatia sahihi. Nataka nikusikie ukikitamka kile cha mpira.

Zuhura: Nitakuja, Mama.