Eti nikae mbali kidogo na skrini ndipo GB 8 zitanitosha!

Fremu_Sitini (mleta uzi)

Wakuu, ninaandika uzi huu mikono ikiwa bado inatetemeka, kwa sababu jibu lenyewe nimelipokea chini ya nusu saa iliyopita. Sitamtaja aliyenijibu. Nyote mnamfahamu: ni yuleyule mtengenezaji wa kadi za michoro ambaye kila akizindua kadi mpya hutangaza jukwaani kasi maradufu, kisha akifika kwenye mstari wa kumbukumbu sauti yake hushuka ghafla kama ya mtu anayeulizwa deni mbele ya wakwe.

Nimenunua kadi ya michoro ya toleo la karibuni yenye GB 8 za VRAM, yaani kumbukumbu ya kadi yenyewe, nikafungua gemu mpya katika mwonekano wa 2560 × 1440 na kuchagua teksicha, yaani picha zinazovishwa juu ya kuta, nguo na nyuso, za kiwango cha juu kabisa. Ukuta ambao kwenye picha za matangazo una nyufa, kuvu na maandishi ya chaki ulinijia kama blanketi lililofuliwa mara elfu moja. Mzee aliyepaswa kunipa kazi ya kwanza alizungumza nami dakika nzima akiwa hana macho, pua wala ndevu, bali uso mmoja laini kama yai. Nilipogeuka, picha iliganda. Niliporudi, iliganda tena. Nikawaandikia kwa adabu zote, nikaambatisha picha ya skrini yenye ule mstari mwekundu ambao gemu yenyewe huuonyesha pale kumbukumbu inayotakiwa inapozidi iliyopo, na nikajibiwa kwa maandishi, bila haya: “Tofauti hiyo hutaiona ukikaa mbali kidogo na skrini.”

Nikae mbali kidogo na skrini!

Tupige hesabu basi, maana hesabu haina undugu na mtu. Picha nzima ya 3840 × 2160 ina pikseli zisizozidi milioni 8.3, na kwa baiti 4 kila moja haifiki hata MB 34, kwa hiyo anayesema kwamba mla kumbukumbu ni skrini peke yake anamtafuta mwizi kwa jirani. Walaji ni teksicha. Teksicha moja ya 4096 × 4096 isiyobanwa inachukua takribani MB 64, ikibanwa hadi baiti 1 kwa pikseli inabaki MB 16, na ukijumlisha nakala zake ndogondogo zinazotumika kwa vitu vilivyo mbali inapita MB 21. Kiatu cha yule mzee peke yake kinaweza kuwa na tatu za namna hiyo: ya rangi, ya matuta na ya mng'ao. Sasa oneni ujanja uliopo hapo, wakuu. Kumbukumbu ikibana, gemu hukimbilia zile nakala ndogo za mbali hata kwa kitu kilicho puani mwako, na huyu bwana, badala ya kukiri, ameniambia nami nihamie hukohuko mbali ili tukutane na teksicha zake!

Sijataja ufuatiliaji wa miale ya mwanga, unaohitaji ramani yake ya maumbo yote, wala ile mbinu ya kubuni fremu (picha mojamoja za mwendo) za katikati wanayoinadi kama dawa ya kila ugonjwa ilhali nayo inakalia kumbukumbu hiyohiyo. Kinachokosa nafasi hupelekwa kwenye RAM ya kompyuta na kurudishwa kupitia sloti, yaani tundu la bodi ambamo kadi imechomekwa. VRAM ya kadi hii hupitisha mamia ya GB kwa sekunde, lakini sloti yenye njia 8 za PCIe 4.0 (ndiyo aina ya muunganisho wake) hupitisha takribani GB 16 tu, na huko ndiko kuganda kunakozaliwa. Mwaka 2016 tulikuwa tayari na kadi za daraja la kati zenye GB 8. PlayStation 5 ilitoka mwaka 2020 ikiwa na GB 16 zinazotumiwa kwa pamoja na kichakataji kikuu na cha michoro, na watengenezaji wa gemu wamekwisha kuzoea nafasi hiyo. Mimi leo ninaambiwa nisogeze kiti.

Na kiti nimekisogeza, ili asiseme sikujaribu. Mgongo umegusa ukuta wa chumba, na ukuta huo una nyufa nyingi kuliko ule wa kwenye gemu.

Pikseli_Mzee

Pole, mkuu, lakini sanduku liliandikwa GB 8 kwa herufi kubwa kuliko jina lako. Ulitarajia zizaane njiani?

Mshika_Bisibisi

Kwa maoni yangu jibu lilikuwa sahihi ila halikukamilika, kwa sababu alipaswa kukushauri ufumbe na jicho moja. Teremsha teksicha hatua moja, mzee atarudishiwa pua yake na maisha yataendelea. Halafu namba inayoonyeshwa na programu za kupima mara nyingi ni kumbukumbu ambayo gemu imeihodhi, wala si yote inayotumika.

Fremu_Sitini

Kumbukumbu iliyohodhiwa tu haimng'oi mtu pua, mkuu. Nami sikuomba ushauri wa teksicha. Nimeambiwa nikae mbali na skrini niliyoinunua ili niitazame.

Ghala_Tupu

Wewe angalau una cha kulilia. Mimi niliogopa yaliyokukuta, nikachukua ile yenye GB 16: njia ileile ya kumbukumbu ya biti 128, chipu nne za GB 2 upande mmoja wa bodi na nne upande wa pili, na ndiyo maana toleo la GB 12 lisingewezekana kwa chipu hizo. VRAM haijawahi kujaa, lakini kichakataji chake kinahema kwenye fremu 30 kwa sekunde kama mtu aliyepanda mlima na gunia la mchanga. Nimejenga ghala kubwa lenye mlango wa panya.

Mpakato_Moto

Ninyi wa kompyuta za mezani mnadeka. Kadi yangu ni ya aina nyingine, na ina jina lilelile la ile ya mezani yenye GB 12, ila kwa kuwa imo ndani ya kompyuta mpakato ina GB 8, na imechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo nitazikwa nayo. Mimi nikikaa mbali na skrini, kibodi inabaki hukohuko.

Nusu_ya_Mwisho

Vijana, mmesahau ile kadi ya mwaka 2014 iliyouzwa kuwa ni ya GB 4, kumbe GB 0.5 za mwisho zilikuwa na mwendo wa kobe? Kesi ilifunguliwa Marekani, na mwaka 2016 yakafikiwa makubaliano ya fidia. Mimi sikupata hata barua ya pole.

Mshika_Bisibisi

Mzee wangu, hiyo ya kwako angalau ilikuwa nyepesi. Yangu ina unene wa sloti tatu na imeanza kuinama ndani ya kasha, kiasi kwamba nimeiegemeza kwa kopo la rangi, na kila lori likipita barabarani moyo unasimama.

Fremu_Sitini

Wakuu, kuna hata mmoja wenu aliyesoma ile sehemu ya kukaa mbali kidogo na skrini?

Pikseli_Mzee

Tumeisoma. Mshika Bisibisi, umejaribu kulilaza kasha ubavu ili kadi isimame wima?

Mshika_Bisibisi

Nimelilaza. Kuinama kumekwisha, ila sasa feni moja inanguruma.

Ghala_Tupu

Ni feni ya upande upi? Yangu ya katikati ilianza hivyohivyo.