Idd kwenda Kondoa: treni ya SGR mpaka Dodoma au basi la usiku toka Mbezi?

Mrangi wa Tabata: Wakuu habari za mfungo. Mi kazi Dar, kwetu Kondoa. Idd iliyopita sikwenda, bi mkubwa akaninunia miezi, nikipiga simu anapokea mdogo wangu eti "mama yuko shambani", saa tatu usiku yuko shambani! Safari hii lazima nifike. Tatizo mwezi. Ukiandama alhamisi, Idd ijumaa, nina siku tatu mpaka jumapili. Usipoandama, ijumaa ni kazini na bosi wangu habari za mwezi hataki kuzisikia. SGR lazima nikate tiketi mapema kwa tarehe, basi naweza kusubiri BAKWATA (baraza la Waislamu) watangaze mwezi ndo niende Mbezi. Ipi bora?

kidume_sgr: SGR mkuu unajiuliza nini. Daraja la kawaida 31,000, masaa matatu na nusu mpaka manne upo Dodoma, shati halijakunjika. Ila kata sasa hivi, wiki ya sikukuu zinaisha fasta.

Bonge la Kolo: Shati halijakunjika halafu? Dodoma sio Kondoa, hapo bado kilomita 150 na ushee. Ukipanda ya jioni unashuka usiku, unalala gesti unasubiri koasta ya asubuhi. Hiyo hela ya gesti iweke kwenye hesabu.

mama Twaha: Mi nilifanya hiyo ya kusubiri tangazo, nisikilize. Kumbe Dar nzima inasubiri tangazo hilohilo. Nafika stendi ya Magufuli hapo Mbezi saa nne usiku watu kama wamemwagwa, wapiga debe wananivuta begi huku na mtoto huku, nauli imepanda mara moja na nusu na hakuna wa kumuuliza. Nikapewa "siti" ambayo ni ndoo ya rangi imefunikwa kipande cha godoro, kwenye korido, mguu wangu juu ya kiroba cha nazi za mtu. Nimefika watu washatoka kuswali zamani, kwenye sufuria umebaki ukoko. Basi lenyewe silitaji.

kidume_sgr: 😂😂 ndoo ya rangi

Bonge la Kolo: Pole dada. Ila kurudi basi halina mpinzani, madumu ya alizeti matatu na jogoo vyote vinaingia buti. Jaribu kupanda SGR na jogoo uone.

mama Twaha: Hapo kweli. Mdogo wangu Mrangi, kata SGR ya ijumaa jioni mwezi uandame usiandame. Ukiandama umekosa swala tu, Idd pili umeamkia njiani na mchana unakula nyumbani. Usipoandama, kazini umeenda, Idd yenyewe jumamosi. Mama hakagui ulifika saa ngapi, anakagua umelala siku ngapi.

Mrangi wa Tabata: Dada hapo umenimaliza. Nimekata ya ijumaa jioni, siti mbili maana mdogo wangu wa Mbagala nae kadandia na hela hajatoa. Kulala Dodoma kuna binamu, gesti hainihusu. Kurudi basi, jumapili asubuhi. Nimempigia bi mkubwa kapokea mwenyewe, hata salamu hajaitikia, kauliza "tende utaleta zile za kopo au za kupima?"