Makato ya SACCOS yaendelee kupita kwa mwajiri?

Wakuu, ofisini kwetu hapa Posta kuna ubishi hauishi: michango ya SACCOS, chama chetu cha akiba na mikopo, isikatwe tena kwenye mshahara, kila mwanachama alipe mwenyewe kwa simu. Wazee wanasema huko ni kukiua chama. Mimi nimo kwa vijana, ingawa mvi zinaanza.

Yalinikuta. Kazini kwangu kwa zamani, slipu ya mshahara ilionyesha nimekatwa 60,000 kila mwezi. Siku nimeenda kuomba mkopo wa ada, mhasibu akafungua leja yangu: miezi mitano mitupu. Mwajiri alikata, hakupeleka. Na kwa kuwa tulikopeshwa mara tatu ya akiba, laki tatu zisizofika zilininyima mkopo wa laki tisa. Slipu ninayo mkononi, mhasibu ananionea huruma tu.

Wanaosema bila makato hakuna SACCOS wakumbuke zilikotoka. Chama alichoanzisha Raiffeisen kule Heddesdorf, Ujerumani, mwaka 1864, kiliwahudumia wakulima. Mshahara wa kukata ulikuwa wapi? Kilichowabana ni kujuana: deni la chama lilikuwa la wote, kwa mali zao zote. Makato yalikuja baadaye, vyama vilipowafikia watu wa mshahara.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeweka SACCOS daraja la tatu la watoa huduma hizo na kuzitaka ziwe na leseni. Sawa. Ila leseni inakibana chama, na aliyekalia hela yangu alikuwa mwajiri.

*Jibu:*
Mkuu, pole, lakini mimi niko kamati ya mikopo. Mshahara ukishaingia, nani atakikumbuka chama? Kodi ya Mbagala inasubiri, ada inasubiri, kikoba cha mama watoto nacho kinasubiri. Mtaanza kuwakamua wadhamini mwezi wa pili tu. Tena kupitia kwa mwajiri ndipo tunapojua kama mtu atabakiwa na theluthi ya mshahara wake. Ukiondoa hilo, asubuhi atakopa kwetu, jioni yuko kwa wakopeshaji wa kausha damu. Mwajiri asiyepeleka makato adaiwe, bodi ipo.

*Jibu:*
Hapo kwa wadhamini umenigusa, nakubali. Ila bodi gani, ndugu yangu? Mwenyekiti wetu kule alikuwa ndiye meneja utumishi. Barua ya madai angejiandikia mwenyewe, na kuipokea mwenyewe?