Sherehe ya wazazi Kisumu: tualike mchekeshaji, tuwapeleke shoo, au tukodi projekta?

MwanaWaKajulu
Habari za jioni wanajukwaa. Wazee wangu wanafikisha miaka 40 ya ndoa Disemba hii na sisi watoto tumechanga kidogo. Sitaki tena zile sherehe za hotuba tangu adhuhuri mpaka keki inayeyuka juani. Nataka watu wacheke, na wacheke mambo ya nyumbani: baba na redio yake ambayo hakuna anayeruhusiwa kuigusa, mama na vyombo vya wageni ambavyo mgeni hajawahi kulia. Nimebaki na njia tatu. Kwanza, kualika mchekeshaji aje nyumbani. Pili, kuwanunulia tiketi za shoo ya komedi hapa mjini au Nakuru. Tatu, kukodi projekta na spika tutazame shoo zilizorekodiwa. Mngechagua ipi? Nataka kulipa dipoziti wiki hii.

FundiMitamboKondele
Watu wangapi? Ndani au nje? Mchana au usiku? Bajeti? Wazee wana umri gani? Omera, hapa umeuliza bei ya kiatu bila kutaja mguu.

MwalimuWaMumias
Na lugha! Hilo ndilo swali la kwanza. Mama yangu anaelewa Kiingereza vizuri sana, lakini hacheki kwa Kiingereza. Nilimwekea Trevor Noah, yule mchekeshaji wa Afrika Kusini, ile shoo yake ya 2018 iliyobeba jina la mamake, Patricia, nikidhani habari za mama na mwanawe zitamgusa. Alitazama kidogo, akaniuliza, "Huyu mtoto anamsema mamake mbele ya wazungu wote hao?" Akaenda zake jikoni kuchambua mrenda. Siku nyingine nikamtafutia Vitimbi ya zamani, kile kipindi cha vichekesho cha runinga, Ojwang' na Mama Kayai wakizozana kama mtu na mkewe, akacheka mpaka akavua miwani. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, tuambie wazee wako hucheka kwa lugha gani.

KijanaWaSection58
Njia ya pili, bila kufikiria mara mbili. Nyumbani, mtu akitoa utani kuhusu baba mkali, wote mnageuka kumtazama mzee kwanza kama amecheka ndipo nanyi mcheke. Ukumbini kuna giza, amezungukwa na watu asiowajua, anacheka bila kuulizwa. Tena anamwona mzee mwingine kule mbele anapigwa mbavu kwa kitu kilekile, anagundua kumbe si yeye peke yake anayezima taa watu wakiwa bado wanasoma. Hapa Nakuru tuna Players Theatre, mchekeshaji Churchill naye amewahi kuzungusha shoo yake miji mingi nje ya Nairobi. Subiri tarehe nzuri, waweke wazee kwenye gari, walale hotelini. Hiyo ndiyo zawadi.

DadaWaMilimani
Tiketi za watu wawili, na ukoo mzima ubaki nyumbani ukila keki? Haya.

Lakini mwenye mada, kuhusu kualika mchekeshaji, ngoja nikueleze yaliyotupata. Ilikuwa siku ya ayie, ile sherehe ya mahari ya Kijaluo, ya binamu yangu, upande wa Seme. Ndugu yake akampata jamaa mmoja mtandaoni, ana video zinazochekesha kweli, jina silitaji. Nusu ya pesa ikatangulia kwa M-Pesa. Aliambiwa saa saba. Saa kumi inakaribia ndipo tunaona bodaboda inaingia, wageni wameshakula, wengine wanaanza kuulizia gari la kurudi. Akaomba kwanza sahani yake. Akiwa anakula akazunguka kwa vijana nyuma ya hema akiwapeleleza: nani ana deni, nani hajaoa, nani analewa. Vijana nao, badala ya kunyamaza, wakamwaga kila kitu.

Alianza vizuri, sisemi uongo. Kandambili ya mama inayokata kona mpaka ikupate. Mama anayetaja majina ya watoto wote, na la ng'ombe, kabla hajafikia la kwako. Wakwe wenyewe walicheka. Kisha akamgeukia mjomba wangu aliyekuwa amekaa na mke wake, akamuuliza yule wa kwanza alimtorokea wapi. Yule wa kwanza tulimzika. Hema likawa kimya. Yeye akadhani hatujaelewa, akarudia kwa sauti zaidi! Alipoona hapati kitu akaingilia utani wa chumba cha kulala cha maharusi, mbele ya mama mkwe, na nyinyi mnajua huku kwetu mkwe na mama mkwe wanavyoheshimiana, hata kutazamana ni kwa hesabu. Shangazi yetu akainuka, akajifunga leso kiunoni, akaanzisha wimbo wa kanisa. Kina mama wote wakaitikia. Jamaa akabaki na maiki mkononi hajui aingie ubeti gani. Ndivyo shoo ilivyoisha. Na salio akadai.

FundiMitamboKondele
Akalipwa??

DadaWaMilimani
Alilipwa. Binamu aliogopa asije akatengenezwa video.

MwalimuWaMumias
Pole dada. Lakini tazama alipokosea. Alipokuwa anamsema mama wa hewani, kila mtu alimwona mama yake mwenyewe. Alipotaja mtu aliyekaa kwenye kiti, kicheko kikakatika. Wanaofanya vizuri komedi ya familia hujisema wao na watu wao. Njugush akitoa video na mkewe, Celestine Ndinda, anayeaibika ni Njugush. Crazy Kennar akiigiza mzazi wa Kiafrika, hakuna jirani anayeitwa. Sasa wewe unaleta mgeni asiye na mama katika boma hilo, unamwambia achekeshe kuhusu mama. Atamchukua wa nani?

MwanaWaKajulu
Asanteni. Samahani sikueleza yote. Watu ni kama 70, nje, kwenye hema. Bajeti ni elfu sitini, hema na chakula viko kando. Baba ana miaka 68, mama 63. Lugha ni Dholuo na Kiswahili, wajukuu ni Kiingereza na Sheng. Tarehe ni Jumamosi. Na baba ni mzee wa kanisa, SDA.

MwalimuWaMumias
Mzee wa kanisa la Waadventista, na umempangia komedi Jumamosi, siku ya Sabato?

MwanaWaKajulu
Jioni mwalimu, jua likishatua.

DadaWaMilimani
Jua linatua saa kumi na mbili na nusu hivi. Hema, viti, spika, nani atabeba kabla ya hapo? Mashemeji wa SDA wenzake? Hamisha iwe Jumapili ndugu yangu, utakuja kutushukuru.

FundiMitamboKondele
Sasa ndiyo mmeanza kuongea kazi yangu. Nimefunga mitambo ya harusi na matanga miaka mingi, nisikilizeni. Projekta nje mchana ni pesa ya bure, mtaona kitambaa cheupe na kivuli cha mtoto anayepita. Usiku sawa, lakini uwe na jenereta, kwa maana stima ikipotea sherehe nayo imepotea. Jingine: komedi ni maneno. Watu hukodi spika za disko, besi inatetemesha sufuria, na hakuna anayesikia mtu amesema nini. Punguza besi, inua spika zifike usawa wa masikio, tafuta maiki ya waya kwa sababu ile isiyo na waya betri huisha palepale pa kuchekea. Na msiweke watu kwenye meza za duara zilizotawanyika kama uwanja wa Kenyatta. Wakae karibu karibu, bega kwa bega. Mtu akiwa peke yake na soda yake hacheki, anatabasamu tu. Hema lina pande wazi, kicheko kinatoroka, kwa hiyo teremsha pazia za pembeni angalau mbili.

KijanaWaSection58
Fundi amemaliza. Ila kama ni kurekodiwa, wekeni Vitimbi tu. Ojwang' alikuwa Mjaluo safi, mzee atamsikia kama ndugu yake. Ile lafudhi haiigizwi.

MwalimuWaMumias
Iliigizwa, na kwa miaka mingi. Alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Alifariki 2015.

KijanaWaSection58
Usinidanganye.

NyatitiYaNyalenda
Ni kweli, hata sisi huku tulijua na tulimpenda hivyohivyo. Alituiga kwa upendo, alikuwa baba wa nyumba kwanza, Mjaluo baadaye.

MjukuuWaBukhungu
Hapo sasa mimi napingana nanyi wote. Tatizo la komedi yetu ni kwamba ikiitwa ya familia, kufumba na kufumbua imekuwa ya kabila. Mluhya na chai, Mluhya na kuku, Mkikuyu na pesa, Mjaluo na majivuno. Nimekaa kwenye shoo Kakamega mtu anatuambia tunapenda ugali kana kwamba kwao wanakula mawe. Hiyo si habari ya mama yake, ni uvivu.

DadaWaMilimani
Lakini ulicheka.

MjukuuWaBukhungu
Nilicheka kidogo. Tiketi nilikuwa nimeshalipa.

BabaMapacha_Milimani58
Mimi nawakumbusha tu kwamba "ya kifamilia" nayo si cheti. Sisi tuliokua na Cosby Show, 1984 mpaka 1992, tuliambiwa Bill Cosby ndiye baba wa mfano. Mwaka 2018 akahukumiwa kwa unyanyasaji wa kingono, 2021 mahakama ya juu ya Pennsylvania ikaifuta hukumu, na mpaka leo kaka yangu na mimi hatukubaliani kama kanda zile zikae sebuleni. Kwa televisheni zetu angalau kuna zile alama za bodi ya filamu, GE, PG, 16 na 18. Mtandaoni ni wewe na bahati yako. Tazama shoo nzima peke yako kabla ya kuwasha mbele ya mzee wa kanisa.

NyatitiYaNyalenda
Mimi nashangaa mnavyohangaika. Hela hiyo mwiteni mpiga nyatiti mmoja mzuri, ile ala yetu ya nyuzi, na muacheni kila mjomba afanye pakruok. Kwa wasiojua: muziki unapigwa, mtu anatoa pesa, muziki unasimamishwa, anajisifu na kusifu ukoo wake na mke wake kwa maneno ya kuchekesha, wenzake wanashangilia, muziki unaendelea. Mwingine anatoa zaidi amzime. Hiyo ilikuwa komedi ya familia kabla ya maiki kufika huku. Mjomba anajua nani amezikwa na nani yupo, hawezi kukosea kama yule jamaa wa Seme. Na pesa inaingia badala ya kutoka!

MjukuuWaBukhungu
Isukuti. Ngoma ya Waisukha na Waidakho, UNESCO waliiorodhesha 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Ukiita kikundi kutoka Shinyalu hata mzee wa kanisa bega litatingika.

DadaWaMilimani
Nyinyi wawili mnauza ngoma zenu. Mtu ameuliza habari ya vichekesho.

NyatitiYaNyalenda
Sawa dada, basi vichekesho. Mna wajukuu? Mjukuu na nyanya yake wana ruhusa ambayo hakuna mwingine anayo. Mjukuu anaweza kumwita nyanya "mke wangu" na kumlalamikia babu kwamba amemnyang'anya, na hakuna atakayeinua leso. Maneno hayohayo akiyasema mkwe, mtaitana kikao.

MwanaWaKajulu
Yupo mpwa wangu wa miaka 14, anamwiga baba mpaka kikohozi. Anamwiga akitafuta stesheni, kidole kimoja kwenye redio, sikio limeegemea ukuta, anawaambia watu wanyamaze na hakuna aliyekuwa anaongea. Lakini hajawahi kufanya mbele yake.

MwalimuWaMumias
Huyo hapo! Mpe dakika tano na maiki ya waya.

BabaMapacha_Milimani58
Mtoto wa miaka 14 mbele ya watu 70? Wangu walikataa hata kusoma risala. Msimlazimishe.

KijanaWaSection58
Bado nasema Nakuru. Na huyo Wanjau naenda kumtafuta sasa hivi.

MwanaWaKajulu
Jamani kumeharibika. Nimempigia dada yangu wa Eldoret kuhusu kuhamisha iwe Jumapili, anasema yeye alishatuma dipoziti jana kwa mchekeshaji aliyependekezwa na mtu wa ofisini. Namuuliza anachekesha kuhusu nini, anasema hajui, amemwona akiwa MC wa harusi.

DadaWaMilimani
Tuma video yake hapa. Kwa inbox kama unaogopa.

FundiMitamboKondele
Na umuulize anakuja na maiki yake au anategemea yenu. Kuhusu jenereta, ninayo moja Mamboleo, lakini Jumapili mbili za kwanza za Disemba imeshachukuliwa. Tarehe yenu ni ngapi hasa? Hilo pia hukusema.